Waliotutungia nyimbo hawana majina vitabuni

Kitabu cha nyimbo kinachobebwa kwenda kanisani katika bonde la Lambwe, Homa Bay, nchini Kenya, kiwe cha Kiswahili au cha Dholuo, mara nyingi hupangwa kwa namna moja. Namba iko juu, halafu kichwa, beti na kiitikio, kisha namba inayofuata. Noti za muziki hazimo, na jina la mtu halimo. Waumini wa Magunga, Sindo na Ndhiwa wanazijua namba hizo kwa moyo kiasi kwamba kiongozi akitaja namba tu, mabega yanaanza kuyumba kabla kitabu hakijafunguliwa. Lakini ukiuliza nani alitunga, utajibiwa kwamba ni wimbo wa zamani, wa wamisionari. Jibu hilo halitoshi. Kanisa linaloimba maneno ya mtu kwa zaidi ya miaka mia moja lina deni la kumtaja, na deni kubwa zaidi ni kwa watu ambao karibu hakuna anayewahesabu kuwa watunzi, yaani wale waliozitia nyimbo hizo katika lugha zetu.

Wimbo wa kitabuni kwa kawaida una mikono mitatu: aliyeandika maneno, aliyetunga sauti na aliyefasiri. Hao watatu mara nyingi hawakuonana maishani. Maneno ya “What a Friend We Have in Jesus”, wimbo unaofahamika kwa Kiswahili na Dholuo na usiokosekana msibani, yaliandikwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada baada ya mchumba wake kuzama majini siku moja kabla ya harusi. Aliyaandika kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa, mbali ng’ambo ya bahari. Sauti tunayoiimba ilitungwa mwaka 1868 na Mmarekani, Charles Converse. Shairi hilo lilizunguka miaka mingi bila jina la mwenyewe. Hata Ira Sankey, mwimbaji na mchapishaji maarufu wa vitabu vya nyimbo za injili, alilichapisha akidhani ni la mchungaji wa Uskoti, Horatius Bonar. Jina la Scriven lilirudishwa kwa sababu watu waliuliza na wakafuatilia.

“Tukutendereza” ni mfano wa karibu zaidi. Pambio hilo la uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda na kufika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930 limebaki katika Kiganda hata linapoimbwa na Wajaluo, Wakikuyu au Wahaya, na wengi huliona kuwa limezaliwa Uganda. Asili yake ni wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19: maneno ya Louise Rouse, sauti ya Dora Boole. Wanawake hawa wawili wameimbwa na mamilioni ya Waafrika Mashariki wasiowahi kusikia majina yao. Na aliyeyapata maneno ya Kiganda mepesi kiasi cha kuvuka mipaka bila kufasiriwa tena, yeye hatajwi kabisa.

Kwa watu wa Homa Bay na Migori, kazi ya huyu wa tatu, mfasiri, inastahili uangalizi wa pekee. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo, na karibu na mwaka 1913 misheni ikawa na mtambo wake wa kuchapa. Historia ya misheni imemhifadhi Carscallen vizuri. Lakini mgeni aliyekuwa bado anajifunza lugha hawezi kufasiri wimbo peke yake. Dholuo ni lugha ya toni: neno likipandishwa pale linapopaswa kushuka, linaweza kugeuka neno lingine. Sauti ya wimbo wa Kizungu nayo imekwisha kuamua wapi papande na wapi pashuke, na huamua vivyo hivyo katika kila ubeti, maneno yawe yapi. Anayefasiri lazima atafute neno lenye idadi sawa ya silabi, lisilopotoshwa na sauti na linalobeba fundisho lilelile. Nusura ya wimbo ilikuwa mikononi mwa vijana wa misheni, wasomaji wa kwanza, waliokuwa na sikio la lugha. Hao ni watunzi. Tunawaita wasaidizi kwa sababu tu hakuna aliyeandika majina yao chini ya wimbo.

Uamuzi wao ulikuwa na uzito kupita muziki. Wasuba wa Gwassi, Kaksingri na visiwa vya Rusinga na Mfangano walikuwa na lugha yao, na leo wengi wao wanazungumza Dholuo. Sababu ni nyingi, zikiwemo ndoa na biashara, ila wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba shule na kanisa, ambavyo vilitumia vitabu vya Dholuo, vilisukuma mabadiliko hayo. Lambwe yenyewe, ambayo watu waliikwepa muda mrefu kwa hofu ya mbung’o na malale, ilijazwa na wahamiaji kutoka pande tofauti. Watu wanaokutana ugenini huhitaji kitu cha kufanya pamoja, na kitabu cha nyimbo kilikuwa tayari. Kitu kilichosaidia kubadilisha lugha ya jamii nzima hakiwezi kuachwa bila mwandishi.

Wapo wanaosema kwamba kutaja majina ni kumpa binadamu utukufu wa Mungu. Hoja hiyo ni ya watu wanyenyekevu, lakini Biblia yenyewe haiungi mkono. Zaburi ni kitabu cha nyimbo, na juu ya zaburi nyingi limeandikwa jina: Daudi, Asafu, wana wa Kora, Hemani. Kuna hata maelekezo kwa kiongozi wa waimbaji. Waliozikusanya hawakuona kwamba jina la Asafu linampunguzia Mungu chochote.

Hoja ya makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, ya Roho na ya Legio Maria, ambayo mlima wake mtakatifu wa Got Kwer uko Migori, ina nguvu zaidi. Huko wimbo mara nyingi hupokewa, katika ndoto au katika sala, na aliyeupokea hadai kuutunga. Ni imani ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kupokea nako kuna mtu, mahali na wakati. Mtafiti Cynthia Hoehler-Fatton, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kanisa la Roho, alionyesha jinsi nyimbo na masimulizi ya waumini yalivyohifadhi habari za mwanzilishi wake, Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa Musanda mwaka 1934, na hasa za wanawake waliolieneza kanisa baada yake. Tukiandika kwamba wimbo huu ulipokewa na mama fulani, wa kijiji fulani, mwaka fulani, hatumnyang’anyi Roho chochote, na historia ya wanawake hao haifi pamoja na wajukuu wao.

Wengine wanahofia kwamba majina yakichapishwa, ukurasa utajaa Wazungu, na vijana watasema dini hii si yetu. Mimi naamini kuficha ndiko kunakoleta shaka hiyo. Muumini mzima anaweza kuambiwa kwamba John Newton, mwandishi wa “Amazing Grace”, alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Kwamba aliendelea na biashara hiyo miaka kadhaa baada ya kuongoka mwaka 1748. Na kwamba aliilaani hadharani kwa maandishi mwaka 1788 tu, miaka 15 baada ya wimbo wake kusikika mara ya kwanza Olney, Uingereza. Mwafrika anayejua hayo anauimba wimbo ule kwa haki ambayo Newton mwenyewe hakuwa nayo. Vilevile anaweza kuambiwa juu ya Fanny Crosby, kipofu tangu uchanga, aliyeandika nyimbo zaidi ya 8,000, nyingi zikitolewa chini ya majina ya bandia kwa kuwa wachapishaji hawakutaka kitabu kizima kionekane cha mtu mmoja. Kufutwa jina hakukuanzia Afrika.

Tena ukurasa hautajaa Wazungu peke yao. “Mfurahini, Haleluya” ya Bernard Kyamanywa, Mtanzania aliyesoma chuo cha theolojia cha Makumira, ilitungwa miaka ya 1960 na leo imo katika vitabu vya Walutheri wa Marekani, jina lake likiwa limeandikwa wazi. “Njoo kwetu, Roho mwema” ya Wilson Niwagila, Mtanzania mwenzake, nayo imevuka bahari hivyo hivyo. Inauma kwamba Mmarekani akifungua kitabu chake anamwona Kyamanywa, ilhali muumini wa Lambwe hajui ni nani wa kijiji jirani aliyefasiri wimbo alioimbiwa marehemu babu yake.

Iliyobaki ni hoja ya kwamba tumechelewa. Kwa baadhi ya nyimbo, ni kweli. Kwa nyingine kuna matoleo ya mwanzo, barua na taarifa za misheni, na kuna walimu wa kwaya wazee ambao hadi leo huandika do-re-mi kwa chaki ubaoni na wanakumbuka nani aliwafundisha, na nani alimfundisha huyo. Nyumba ya uchapishaji ya Waadventista, Africa Herald, ingali Gendia. Vitabu vinachapishwa upya kila mara, na mstari mmoja wa herufi ndogo chini ya kila namba hauongezi gharama ya kutisha. Pale ambapo jina halijapatikana, uandikwe mwaka wa tafsiri na mahali ilipofanyika, na nafasi ya jina iachwe wazi, ili toleo linalofuata lipate pa kuanzia.