Istilahi za Milio ya Injini: Kugonga, Kugogota na Kutatarika

Katika tafsiri za vitabu vya ufundi wa magari, neno "kelele" hutumiwa kwa wingi na bila hadhari. Mfasiri akikuta maelezo ya sauti yoyote isiyotarajiwa kutoka kwenye injini, huandika kwamba injini "inapiga kelele", kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Kisarufi hapana kosa. Kifundi, msomaji ameachwa gizani, kwa sababu injini iliyokwenda masafa marefu yaweza kutoa milio mingi ya namna mbalimbali, na kila mlio una chanzo chake na dawa yake. Upo mlio unaomtaka dereva azime injini papo hapo, na upo mwingine ambao gari laweza kuishi nao miaka mingi. Neno moja likibeba yote mawili, hasara humfikia mwenye gari.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi vya kutofautisha milio hiyo vimo tayari katika Kiswahili, na kwamba kazi iliyobaki ni kuvigawia kazi zake. Tutatumia injini moja mahsusi, maana istilahi zinazojadiliwa bila kitu mkononi aghalabu huishia kuwa orodha tu.

Injini yenyewe ni ile ya Datsun 240Z, gari la Kijapani lililoanza kuuzwa mwaka 1969. Wasomaji wa Afrika Mashariki wa umri fulani hawahitaji kuelezwa mengi juu yake: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Mpaka leo yapo yanayotunzwa na kuendeshwa, na kwa kuwa yamepita umri wa nusu karne, milio ya uchakavu ndiyo mazungumzo ya kila siku ya wenyewe. Hapa twaomba kusema neno moja la pembeni. Wapo wanaoliita gari la namna hii "gari la michezo". Tafsiri hiyo haina ladha. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni kichezeo cha mtoto, au ni gari la kubebea timu ya mpira. Watu wa mitaani husema "gari la spoti", nasi tutafuata usemi wao.

Injini ya 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Chini umelazwa mhimili mkuu, ambao mafundi huuita krenkshafti, ukishikwa na beringi kuu saba. Kila pistoni imeunganishwa na mhimili huo kwa mkono wa chuma uitwao konrodi, na penye maungio ya konrodi na krenkshafti pana beringi nyingine. Juu, ndani ya kichwa cha injini, umo mhimili mwembamba zaidi, kemshafti, unaozungushwa kwa cheni kutoka chini na kuzifungua valvu kumi na mbili kwa kuzikandamiza roka. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Jambo hili mfasiri alikumbuke, kwa kuwa ndilo msingi wa kutenganisha milio ya juu na ya chini: injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 800 kwa dakika, mlio wa valvu moja hutokea mara 400 tu, na mlio wa konrodi moja mara 800. Sikio haliwezi kuhesabu idadi hiyo, lakini hutambua vizuri kwamba mmoja una mwendo wa nusu ya mwingine.

Tuanze na mlio wa juu, kwa sababu ndio unaosikika mara nyingi zaidi na ndio unaotafsiriwa vibaya zaidi. Kati ya roka na kemshafti lazima pawe na nafasi ndogo. Katika injini hii, ikiwa baridi, nafasi hiyo ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia na milimita 0.25 kwa valvu za kutolea moshi; ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Nafasi ikizidi, vyuma hukutana kwa kugota, na injini hutoa mlio mwepesi, mkavu, wa haraka na wa kurudiarudia. Kitenzi chake kipo: kugogota. Ndicho tukitumiacho kwa ndege atoboaye mti kwa mdomo, tena ndege mwenyewe huitwa gogota. Mafundi wa gereji husema "tapeti zinagonga". Tapeti, kwa maana halisi, ni kipande ambacho injini hii haina. Katika lugha ya gereji neno hilo limekuwa jina la nafasi yenyewe, na "kuseti tapeti" ni kuirekebisha nafasi kwa filageji. Hatuoni sababu ya kulifukuza. Mfasiri aliandike, ila alieleze mara moja.

Hata hivyo, kitenzi "kugonga" tungependa kukiondoa hapa na kukihifadhi kwa ajili ya kazi nzito zaidi. Beringi ya konrodi ni bamba jembamba lenye tabaka la madini laini, na kati yake na krenkshafti hupita utando wa mafuta. Utando ule ndio unaobeba nguvu yote ya mlipuko. Tabaka likilika, au mafuta yakipungua, konrodi hupata nafasi ya kucheza, na kila mzunguko hupiga chuma kwa chuma. Mlio wake ni wa kina, mzito, wenye mwendo uleule wa krenkshafti. Huzidi dereva anapokanyaga mafuta, na pengine husikika waziwazi zaidi pale anapoachia ghafula. Aghalabu huzidi injini inapopata moto, kwa sababu mafuta yamekuwa mepesi. Huko ndiko kugonga. Anayeendelea kuendesha gari linalogonga hivi hatari iliyo mbele yake ni konrodi kukatika na kutoboa ubavu wa injini, na injini ya gari la mwaka 1971 haipatikani dukani kila siku.

Ni wazi basi madhara ya kuichanganya milio hii miwili. Tuseme kitabu kimetafsiriwa hivi: "Injini ikipiga kelele, rekebisha nafasi za valvu." Fundi kijana huchukua filageji, hupunguza nafasi, kelele haiishi, huzidi kupunguza. Sasa ana matatizo mawili. Beringi ingali inalika chini, na juu valvu zimekosa nafasi. Valvu isiyofunga barabara haiwezi kupoza joto lake kwenye kikalio chake, nayo huungua. Valvu inayogogota kidogo ni afadhali kuliko ile iliyonyamazishwa kwa kubanwa kupita kiasi.

Namna ya kuthibitisha kugonga haihitaji mitambo ya gharama. Fundi huuondoa waya wa plagi ya silinda moja, akiuunganisha na chuma cha injini ili umeme upite salama, na husikiliza. Pistoni isiyosukumwa na mlipuko haimkandamizi konrodi wake kwa nguvu ileile, kwa hiyo mlio ukififia kwa silinda ya nne, tatizo liko kwenye silinda ya nne. Bisibisi ndefu, ncha ikiwa juu ya injini na mpini ukiwa sikioni, hufanya kazi kama kile kipimo cha daktari cha kusikilizia kifua. Tahadhari tu na feni. Geji ya mafuta nayo hutoa ushahidi, ikishuka sana injini inapokuwa moto. Ushahidi mzito kuliko wote ni filta ya mafuta iliyopasuliwa: chembe zenye kung'aa, au zenye rangi ya shaba, ni za beringi.

Beringi kuu zikichakaa mlio wake si kugonga. Ni kishindo: sauti ya chini kabisa inayotoka kwenye tumbo la injini na kusikika hasa gari linapopanda mlima na mzigo. Neno hili lina bahati ya kueleweka na kila mtu, awe wa pwani au wa bara.

Pistoni iliyolegea ndani ya silinda yake huyumba na kupiga ukuta. Vitabu vya Kiingereza huufananisha mlio huo na kofi, na tumewahi kuona "kofi la pistoni" katika rasimu moja ya tafsiri. Mafundi waliosomewa walicheka. Sauti yenyewe ni ya uwazi, kama ya mtu abishaye mlango wa mbao, na kwa sababu hiyo twapendekeza "kubisha". Dalili yake kubwa ni kwamba husikika injini ikiwa baridi na hufifia au kutoweka pistoni inapotanuka kwa joto. Huko kutanuka ndiko kunakoitenganisha na konrodi, maana zote mbili hufifia waya wa plagi unapoondolewa, na anayetegemea jaribio hilo peke yake ataifungua injini bure.

Lakini dalili ya baridi na moto ina mtego wake. Gasketi ya ekzosi ikivuja, moshi hupenya kwa mtindo wa "ti-ti-ti" unaofanana mno na kugogota kwa valvu, nao pia hupungua chuma kinapopata moto na kuziba ufa. Fundi huona weusi wa masizi penye uvujaji. Hapa hatupendekezi kitenzi kipya. "Kuvuja kwa moshi" kunatosha, kwa kuwa istilahi itaje chanzo pale chanzo kinapoonekana kwa macho.

Kutatarika ni jambo lingine kabisa. Injini inapopanda mlima kwa gia kubwa, ikiwa petroli ni hafifu au cheche za plagi zinawahi mno, mchanganyiko ndani ya silinda hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu, na sauti yake ni kama ya bisi kikaangoni. Dereva akiinua mguu, hunyamaza. Hakuna kipande kilicholegea wala kilichochakaa. Dawa ni petroli bora au kurekebisha taimingi. Wafasiri wengi huandika "kugonga" hapa pia, na mafundi wengine husema hivyo hivyo. Tunaelewa chimbuko la mazoea hayo, lakini twayapinga kwa nguvu. Mwenye gari akiambiwa injini yake inagonga, atafikiria ovaholi, kumbe alihitaji kubadili kituo cha petroli. Na kutatarika kukiachwa kwa muda mrefu huweza kuvunja ringi na kutoboa pistoni, kwa hiyo hakufai kupuuzwa kwa kukosa jina lake.

Cheni ya kemshafti, ikirefuka kwa uchakavu au vizuizi vyake vikilika, hukwaruza mbele ya injini, hasa injini inapowashwa tu, kabla msukumo wa mafuta haujakifikia kikazio chake. Mkwaruzo ni jina linalotosha. Waundaji wa injini hii waliutarajia urefukaji huo: gurudumu la meno la kemshafti lina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3, na fundi hulihamishia tundu linalofuata ili kurudisha majira sahihi ya valvu. Jambo hilo hurudisha nguvu ya injini, wala haliondoi mkwaruzo wenyewe.

Kuvuma tunakuachia beringi za mviringo zilizo nje ya injini: ya altaneta, ya pampu ya maji. Fundi huifungua fenibelti, huiwasha injini kwa muda mfupi sana, na mvumo ukitoweka amekwisha jua upande wa kutafuta.

Limebaki suala la nomino. Kutoka kuvuma tumepata mvumo, kutoka kukwaruza mkwaruzo. Je, kutoka kugonga? Mkondo uleule unatupa "mgongo", na hakuna atakayekubali kuandika kwamba injini ina mgongo. "Mgongano" ni wa magari mawili barabarani. Lipo neno zuri "mgoto", na jirani yake "mgogoto" laweza kutolewa kwa valvu. Katika karatasi jozi hiyo inapendeza sana. Hata hivyo, istilahi hizi zitasemwa kwa sauti kubwa juu ya injini inayonguruma, ambapo silabi moja humezwa kwa urahisi, na silabi hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kurekebisha valvu na kuishusha injini nzima. Kwa hiyo twaona ni heri kubaki na vitenzi-jina: kugonga kwa konrodi, kugogota kwa valvu, kubisha kwa pistoni. Ni virefu, lakini kila kimoja hutaja kipande kinachohusika. Tena mfasiri asiandike kamwe "gari linagonga", kwa sababu gari linalogonga limegonga mtu au mti. Aandike "injini inagonga".

Sentensi tuliyoitoa juu ingeweza basi kuandikwa hivi: "Injini ikigogota kwa mwendo wa nusu ya krenkshafti, na uvujaji wa moshi usipoonekana, pima nafasi za valvu. Ikigonga kwa mwendo wa krenkshafti, na mlio ukizidi injini inapopata moto, izime na usiiwashe tena mpaka beringi za konrodi zikaguliwe."