Kigegezi cha Mawimbi: Kijue Kabla ya Kupanda Mashua

Kuna ugonjwa mmoja usioheshimu cheo wala umbo la mtu. Humkamata sajini aliyezoea paredi ya jua kali, na papo hapo humwacha mama mwembamba aliyeketi karibu naye akitafuna karanga zake kwa utulivu. Hauletwi na wadudu, hauna homa, na aghalabu humtoka mtu muda mfupi baada ya kukanyaga nchi kavu. Ugonjwa huo ni kigegezi cha mawimbi. Wengi huuita ugonjwa wa bahari, ijapokuwa hauhitaji bahari. Ziwa latosha.

Ziwa moja linalotosha kabisa ni Mweru, lililo mpakani mwa Zambia na Kongo. Msomaji asikiapo jina la Kilwa humkumbuka mara moja Sultani wa zamani na magofu ya pwani ya Tanzania. Lakini iko Kilwa nyingine, mbali na maji ya chumvi. Hiyo ni kisiwa cha Kilwa kilichomo ndani ya Mweru, na mkabala wake, upande wa Kongo, upo mji wenye jina hilo hilo, ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku. Kisiwa kipo karibu zaidi na ufuko wa Kongo, lakini ni cha Zambia, kwa sababu mapatano ya mwaka 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliupinda mstari wa mpaka ili kukiweka upande wa Waingereza. Hivyo basi, mwananchi wa kisiwani anayetaka ofisi ya wilaya, soko kubwa au hospitali, hana budi kulivuka ziwa hadi Nchelenge na Kashikishi, upande wa mashariki. Kwa mashua yenye injini ndogo, hiyo ni safari ya saa, si ya dakika.

MAJI MAFUPI, MAWIMBI MAKALI

Wageni hulidharau ziwa wakidhani mawimbi makubwa ni ya bahari tu. Hilo ni kosa. Mweru ni ziwa pana, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 5,000, lakini upande wake wa kusini kina ni cha mita chache tu. Upepo unapovuma juu ya maji yasiyo na kina, mawimbi hayapati nafasi ya kuwa marefu na ya taratibu kama yale ya bahari kuu. Huwa mafupi, yenye mgongo mkali, yakifuatana upesi upesi. Mashua ndogo haimalizi kushuka wimbi moja kabla jingine halijainyanyua.

Tena mawimbi hayo hayafanani safari nzima. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki ndio unaotawala sehemu hizi. Abiria anayetoka Nchelenge kwenda kisiwani huupa upepo huo mgongo. Karibu na ufuko maji huwa matulivu, kwa kuwa nchi kavu inayakinga. Lakini kadiri mashua inavyokwenda mbali ndivyo mawimbi yanavyokua, yakiisukuma kutoka nyuma na kuifanya iyumbe kichwa huku na huku. Anaporudi, mashua huyakabili mawimbi uso kwa uso. Omo hupanda, hushuka kwa kishindo, na maji huwarukia watu. Kwa hiyo aliyekwenda salama asishangae kuugua wakati wa kurudi. Mwili wake ni ule ule, bali mwendo wa chombo umebadilika.

Mabaharia wa pwani wana neno lao kwa mwendo wa kulala ubavu huu na ubavu huu: husema chombo kinakwenda mrama. Lakini mrama peke yake siyo adui mkubwa. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kuwa mwendo unaosumbua matumbo kuliko yote ni ule wa kupanda na kushuka polepole, takriban mara moja kila sekunde tano. Ndiyo maana hata meli kubwa za anasa zenye vitanda vya hariri haziwaponyi abiria wake, na ndiyo maana mtu aweza kupanda farasi siku nzima asitapike, lakini akashindwa na mashua kabla ya adhuhuri.

UGOMVI WA JICHO NA SIKIO

Watu wengi huamini kuwa kigegezi hiki hutoka tumboni. La hasha! Chanzo chake ni sikio. Ndani kabisa ya sikio la kila mtu mna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, yenye majimaji, na kando yake mna vijiwe vidogo mno vya chokaa. Mtu akigeuka, majimaji yale hutikisika. Akipanda au kushuka, vijiwe huvuta vinyweleo vilivyo chini yake. Kwa njia hiyo ubongo hupata habari za mwendo hata gizani.

Sasa chukua mfano wa abiria aliyejikunyata ndani ya mashua, macho yake yakitazama mguu wake au simu yake. Jicho humwambia ubongo, “Tumetulia, hakuna kinachosogea.” Sikio nalo hupiga kelele, “Tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu!” Ubongo, ukipokea taarifa mbili zinazopingana, huchafukwa. Hapo ndipo miayo huanza, mate hujaa kinywani, jasho baridi hutoka, uso hupauka, na mwisho mtu hutapika. Ushahidi ulipatikana katika miaka ya 1880, mtaalamu wa Marekani aitwaye William James alipogundua kuwa wengi wa viziwi ambao mizani yao ya sikioni imekufa hawaujui kabisa ugonjwa huu.

Kwa sababu hiyo hiyo nahodha haugui kwa urahisi. Yeye hutazama mbele, huliona wimbi linakuja, na mwili wake hujiandaa kabla halijafika.

Basi, ikiwa sababu ni sikio, kuna haja gani ya kumcheka anayeugua? Admirali Nelson wa Uingereza, aliyeuawa katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, alikiri kwa barua mwaka mmoja kabla ya kifo chake kuwa huugua kila upepo unapovuma kwa nguvu. Naye alikuwa baharini tangu utotoni. Majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada yalipovuka kwenda Ufaransa tarehe 6 Juni 1944, askari walipewa dawa za kuzuia kutapika, na hata hivyo wengi walishuka ufukoni wakiwa hoi kabla ya kufyatua risasi moja. Woga ni jambo jingine. Kigegezi ni kazi ya sikio.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO KUTAPIKA

Ndani ya meli kubwa kutapika ni karaha tu. Ndani ya mashua ndogo kwaweza kuwa msiba. Mtu akibanwa, jambo la kwanza analolifikiri ni kusimama na kuinamia maji, kwa sababu ya haya. Jirani yake husimama kumshika. Wa tatu husogea asije akachafuliwa. Ghafla uzito wa watu watatu umehamia ubavu mmoja, na wimbi linalofuata halingojei. Mashua iliyojaa magunia ya samaki wa chisense, madumu ya mafuta na watu, haina ziada ya usalama ya kuchezea. Wananchi wa Tanzania hawajasahau kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakivumilii kosa lolote.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza katika mashua ni hii: anayeumwa asisimame. Apewe kopo au mfuko, atapikie hapo hapo alipoketi, na wenzake wakae mahali pao. Kuchafua nguo si aibu, nguo hufuliwa. Jaketi la kuokolea maisha nalo livaliwe tangu ufukoni, kwa sababu mtu anayetapika hana nguvu wala utulivu wa kulifunga baadaye.

Mambo mengine ya kufuata ni haya:

Aketi katikati ya chombo, chini, akielekea mbele. Omo hurushwa juu kuliko sehemu nyingine zote, na tezi hujaa moshi wa injini. Katikati ndipo mwendo ulipo mdogo, na kwa bahati njema ndipo pia uzito wa mtu unapokisaidia chombo kutulia. Dawa ya tumbo na usalama wa mashua ni kitu kimoja.

Atazame mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, au milima ya upande wa Kongo ikiwa inaonekana. Asisome, wala asiiangalie simu. Usiku, ambapo hakuna cha kutazama, afumbe macho na kuegemea asitikise kichwa.

Ale kidogo kabla ya safari: uji, ndizi au mkate mkavu. Tumbo tupu halisaidii, na tumbo lililoshiba nyama ya mafuta ni baya zaidi. Pombe iachwe tangu usiku wa kuamkia safari. Tangawizi huwafaa baadhi ya watu na haina gharama kubwa.

Apate hewa safi, mbali na harufu ya mafuta ya injini na samaki.

DAWA ZA HOSPITALI

Dawa zipo, kama vile promethazini, dimenhidrinati na sinarizini. Lakini humezwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka, kwa kuwa kidonge kilichomezwa baada ya kutapika kuanza hurudi nje pamoja na uji. Tena karibu zote huleta usingizi. Anayeshika usukani, askari wa zamu na yeyote anayebeba silaha asizitumie bila ushauri wa mganga, na asizichanganye kamwe na pombe. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Promethazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka miwili.

Jambo hili lawahusu sana walinzi wa sheria. Nchini Zambia uvuvi katika ziwa hili hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo ya mvua na dhoruba za ghafla, nao wanaolinda marufuku hayo hulazimika kuwa majini. Mkuu wa doria mwenye busara huwauliza watu wake mapema ni nani huugua, akawapanga katikati ya chombo, na akampa kila mmoja kazi ya kutazama mbele. Atakayetapika sana apewe maji kidogo kidogo, na apumzishwe kabla ya kutumwa kazi nyingine. Mazoezi nayo husaidia: baada ya siku mbili tatu mfululizo majini, miili mingi huzoea.

MTOTO MCHANGA ANAPOTAPIKA

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili huugua kigegezi cha mawimbi kuliko watu wazima. Lakini mtoto aliye chini ya miaka miwili ni nadra sana kuugua. Wazazi wengi hawalijui hili. Mama huvuka kutoka kisiwani na mtoto mgongoni, mtoto hutapika njiani, na abiria wenzake humtuliza: “Ni mawimbi tu, mama, akifika atapona.” Mama akishuka Nchelenge, badala ya kwenda hospitali, huenda kwa shangazi yake kulala.

Nchelenge na kandokando yote ya Mweru ni nchi yenye malaria nyingi mno, na malaria ya mtoto mara nyingi huanza kwa kutapika. Kigegezi cha mawimbi hakina homa, hakileti kuhara, hakimfanyi mtoto alegee asiweze kunyonya. Ukiona moja ya dalili hizo, usiyasingizie maji. Mtoto apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Mtu mzima naye, akiendelea kutapika siku ya pili akiwa nchi kavu, au akiharisha maji maji, afanye hivyo hivyo, kwani kipindupindu pia hufuata njia za majini. Kuhisi kwamba ardhi inayumba kidogo baada ya kushuka ni jambo la kawaida, na huisha lenyewe.

Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa huu unaochekwa. Asiyeujua huona haya, akasimama, akahatarisha chombo kizima. Au huudhania pale usipokuwapo, akamwacha mtoto wake na malaria usiku kucha. Anayeujua huketi katikati, kopo mkononi, macho yake mbali. Huenda akatapika pia. Lakini mashua itafika, na akifika atajua kama njia yake ni ya nyumbani au ya hospitali.