Deki ya Diski: Tofauti ya Picha na Sauti Huanzia Wapi

Chukua deki mbili za Blu-ray, moja ya bei nafuu na nyingine ya bei mara tano yake, uziunge kwenye runinga moja na kuzitilia filamu ileile. Wanunuzi wengi huuliza mara moja ipi ina picha nzuri. Kabla ya hapo kuna swali jingine: deki hufanya kazi zipi hasa, na katika kazi ipi inaweza kubadilisha kile tunachokiona na kukisikia?

Tuanze na diski yenyewe. DVD iliingia sokoni nchini Japani mwaka 1996. Hubeba gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, na katika mfumo wa PAL, ambao ndio wa Tanzania na Kenya, picha yake ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Blu-ray ya mwaka 2006 ilipanda hadi gigabaiti 25 kwa tabaka na pikseli 1920 kwa 1080. Ultra HD Blu-ray ya mwaka 2016 ina pikseli 3840 kwa 2160, na rangi zake huhesabiwa kwa biti 10 badala ya 8. Kikomo cha ubora huwekwa hapa. Jambo ambalo halikurekodiwa kwenye diski, deki ya bei yoyote haiwezi kulirudisha.

Kazi ya kwanza ya deki ni kusoma. Leza hupita juu ya alama ndogo sana na kuzigeuza kuwa biti, na pamoja na biti za filamu zipo nyingine za kusahihisha makosa. Usomaji ukifaulu, biti za deki nafuu na za deki ghali ni zilezile. Ukishindwa, picha huganda au hukatika vipande vya mraba. Hakuna usomaji hafifu unaopausha rangi kidogo au kupunguza besi kidogo.

Kazi ya pili ni kufungua data iliyobanwa. Viwango vya H.264 na H.265, vinavyotumika kwenye Blu-ray nyingi na Ultra HD, vinaeleza matokeo ya kufungua hadi biti ya mwisho. Hapa pia deki inayofuata kiwango haina nafasi ya kuongeza chake.

Kazi ya tatu ndiyo yenye mambo. Baada ya kufungua data, deki hupiga hesabu za kuifanya picha ilingane na runinga, na hesabu hizo kila kiwanda huzipanga kivyake. DVD ndiyo inayozidhihirisha zaidi. Picha yake huhifadhiwa kwa nusu-picha mbili: moja ina mistari ya shufwa, nyingine ya witiri. Deki inapaswa kutambua nusu zipi mbili ni za fremu moja. Ikikosea, kingo za kitu kinachokwenda huchongoka kama meno ya kitana, na shati la mistari myembamba humetameta kila mvaaji anapogeuka. Kisha inakuja kazi ya kukuza. Pikseli 414,720 za DVD lazima zijaze runinga yenye pikseli 8,294,400, yaani mara 20. Katika kila pikseli 20 unazoziona, 19 zimekadiriwa. Mkadiriaji mzuri na mbaya hawawezi kutoa picha moja.

Hata hivyo, runinga nayo ina kikokotozi chake. Ingia kwenye menyu ya deki, weka utoaji wa picha kwenye 576i, yaani nusu-picha za DVD kama zilivyo, ikiwa deki inaruhusu, uache runinga ikuze yenyewe. Kisha rudisha deki ifanye kazi hiyo, ulinganishe tukio lilelile. Mara nyingi jaribio hili la bure hutoa jibu kabla hujatoa fedha.

Kwenye Ultra HD hesabu ngumu ni ya mwanga. Filamu za HDR, yaani zenye masafa mapana ya mwanga, hutengenezwa kwa mng'ao unaofika niti (kipimo cha mng'ao) 1,000, nyingine 4,000, ilhali projekta nyingi za nyumbani zinatoa takriban niti 100. Lazima kitu fulani kiubane mng'ao huo bila kuunguza mawingu wala kuzamisha vivuli. Deki ya Panasonic DP-UB820 hukuruhusu kuitajia aina ya skrini uliyonayo, ikaubana mng'ao kabla ya kuutuma. Mwenye projekta huiona tofauti hii waziwazi.

Sauti ina njia mbili. Ukichagua utoaji wa "bitstream" kwenye menyu, deki hupitisha Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio kama zilivyo, na risiva, yaani kikuza sauti kinachoendesha spika, ndiyo inayozifungua. Hapo deki zote ni sawa. Ukitumia matundu ya analogi, deki yenyewe hugeuza biti kuwa mkondo wa umeme, na ubora wa kigeuzi chake unasikika. Ndiyo maana Oppo UDP-205 ilipendwa na wasikilizaji wa muziki hadi kampuni hiyo ilipoacha biashara ya deki mwaka 2018.

Mara nyingi sauti huharibiwa na mipangilio na waya. Deki nyingi zina kipengele cha kuchanganya sauti za ziada za diski na ile ya filamu. Kikiwa kimewashwa, sauti kamili hubanwa upya na sauti ya pande zote ya Dolby Atmos hupotea. Kizime. Waya wa optiki haubebi TrueHD kabisa, na ARC ya kawaida, yaani njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka kwenye runinga, haibebi pia. Inahitajika eARC, au deki iungwe moja kwa moja kwenye risiva.

Sasa uamuzi unawezekana. Kwa anayetazama Blu-ray za kawaida kupitia HDMI, deki nafuu inatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye spika. Mwenye kabati la DVD alipie ukuzaji mzuri, baada ya kuijaribu runinga yake kwanza. Mwenye projekta na diski za HDR ana sababu halali ya kununua deki ghali. Wote watatu watazame pia alama ya kanda: Afrika Mashariki ni kanda 5 kwa DVD na B kwa Blu-ray, hivyo diski ya kanda A iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kukataliwa na deki yako, lakini Ultra HD haina kanda.