Ndovu wa Jiwe na Majuto ya Mfalme

Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Huko Dhauli, karibu na mji wa Bhubaneswar nchini India, yuko ndovu wa jiwe mwenye umri wa zaidi ya miaka 2,200 ambaye aliwekwa ili kuzilinda nyasi hizo. Amechongwa katika mwamba wenyewe wa kilima, nayo ionekanayo ni sehemu yake ya mbele tu, mithili ya mnyama atokaye pangoni.

Zamani mahali hapo palikuwa katika nchi ya Kalinga. Yapata mwaka 261 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka aliivamia na kuishinda. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoagiza yachongwe miambani, watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa kwa nguvu. Ushindi huo ulimtia majuto, akaishika dini ya Buddha kwa bidii.

Zama hizo ndovu alikuwa silaha ya wafalme, mvunjaji wa safu za askari wa miguu. Kwa wafuasi wa Buddha, hata hivyo, alikuwa na maana nyingine. Husimuliwa kuwa Malkia Maya aliota ndovu mweupe akimwingia ubavuni, akachukua mimba ya Buddha. Ndoto hiyo imo katika mawe ya Bharhut, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Kolkata. Wachongaji wa kale hawakumchonga Buddha kwa umbo la mtu, bali kwa alama kama vile gurudumu, mti na nyayo. Ndiyo maana wataalamu wengi humwona Buddha katika ndovu wa Dhauli.

Chini ya ndovu huyo yamo maandishi ya Ashoka. Hesabu ya waliouawa haikuchongwa hapo, mbele ya macho ya walioshindwa. Badala yake mfalme aliwaandikia maofisa wake wa mji wa Tosali kwamba raia wote ni kama wanawe. Aliwaonya wasimfunge wala kumtesa mtu pasipo sababu, wajihadhari na hasira, haraka na uvivu, na waraka huo usomwe hadharani kwa siku maalumu.

Basi mnyama aliyewakanyaga watu vitani alisimamishwa juu ya maneno yanayomzuia mwenye nguvu asimkanyage mnyonge. Vita vilikuwa vimekwisha; haki ya walioshindwa ilibaki mikononi mwa ofisa, kila siku ya kazi yake.