Shujaa Hufa kwa Ajili ya Nini?

Achilles wa Wagiriki aliambiwa na mama yake, Thetis, kwamba mbele yake kuna njia mbili. Akirudi nyumbani ataishi hadi uzee bila kuimbwa na mtu; akibaki kupigana Troy atakufa kijana, lakini jina lake halitafutika. Cú Chulainn wa Ireland, angali mtoto, alimsikia kuhani Cathbad akisema kuwa atakayeshika silaha siku ile atapata sifa kubwa na maisha mafupi. Akakimbilia kwa mfalme Conchobar kudai silaha. Wote wawili walichagua jina.

Wengi huishia hapo na kuwaita pacha. Mimi nawaona mbalimbali sana. Achilles ni mtu wa kisirani: aliponyang'anywa mateka wake Briseis alisusa vita, akawaacha wenzake wakiteketea mpaka rafiki yake Patroclus alipouawa na Hector. Cú Chulainn hakuwa na nafasi ya kususa. Wapiganaji wa Ulster walikuwa wamelemazwa na laana iliyowatia uchungu kama wa mzazi, naye akabaki peke yake kwenye vivuko vya mito kumzuia Malkia Medb wa Connacht, aliyekuja na jeshi zima kumchukua fahali mmoja ili asizidiwe mali na mumewe. Tusimcheke Medb. Katika Rwanda ya wafalme, kila jeshi lilikuwa na makundi yake ya ng'ombe, na kuyapora ya adui ilikuwa sifa ya kutamba nayo. Kivukoni Cú Chulainn alikutana na Ferdiad, aliyelelewa naye na kufunzwa vita pamoja naye. Mchana walichomana mikuki, jioni wakagawana dawa za majeraha na chakula, hadi Ferdiad alipouawa na mwenzake akamlilia.

Rwanda ina shujaa wa aina nyingine: mtabazi. Huyu haendi kuua, huenda kuuawa. Masimulizi ya kifalme, ambayo padri Alexis Kagame aliyaandika katika karne ya 20, yanasema kuwa Robwa, dada wa mfalme Ruganzu Bwimba, aliolewa na Kimenyi, mfalme wa Gisaka, na ikatabiriwa kwamba mtoto wao angeitwaa Rwanda. Ili kuuzuia utabiri huo, damu ya mtu wa Rwanda ilipaswa kumwagika katika ardhi ya Gisaka. Mjomba wa mfalme, Nkurukumbi, aliteuliwa, akakataa. Bwimba akaenda mwenyewe, akauawa huko. Robwa, aliyekuwa mjamzito, akajirusha juu ya Rukurura, ngoma ya kifalme ya Gisaka, akafa na mimba yake. Kwangu mimi Robwa ndiye mkubwa kuliko wote katika kisa hiki, ingawa hakuna aliyempa mkuki.

Siku hizi Kigali ina kilima ambapo mizani hii ya mashujaa inajaribiwa kwa watu wa kweli. Ni Rebero, wilayani Kicukiro, ambako kila tarehe 13 Aprili hukumbukwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga siasa za chuki, miongoni mwao waziri Landoald Ndasingwa. Kuwafananisha na Achilles ni kukosea. Hawakuwa na silaha wala hawakutafuta sifa. Wanamkaribia Bwimba, ila hata hapo naweka mpaka: mtabazi aliipanga safari ya kifo chake, wao walitaka kuishi na kufanya kazi yao. Walichochagua ni msimamo. Kifo walichaguliwa na wengine.

Kuhusu waliokataa, Wagiriki ni wepesi wa kusamehe. Odysseus, kwa mujibu wa simulizi za baadaye, alijifanya kichaa ili asiende Troy, akalima na kupanda chumvi, hadi Palamedes alipomweka mwanawe mchanga mbele ya jembe. Akaenda, akarudi, na leo ana utenzi wake mzima. Nkurukumbi alibaki na sentensi moja tu, nayo ni ya kukataa.