Nakivale: Namna ya kumfundisha mtoto nchi asiyowahi kuiona

Mtoto aliyezaliwa Nakivale huitwa Mkongomani ilhali hajawahi kukanyaga ardhi ya Congo. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyoko wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Shule zake hufuata mtaala wa Uganda, hivyo habari za nchi ya wazazi hubaki kazi ya nyumbani.

Kazi hiyo haihitaji vitabu. Uani, shimo dogo la maji huweza kuwa Ziwa Kivu. Jiwe moja kaskazini liwe Goma, jingine kusini liwe Bukavu. Mtoto achimbe mfereji kutoka Bukavu hadi shimo la pili lililo chini zaidi, yaani Ziwa Tanganyika. Maji yakitiririka, Mto Ruzizi umeshaeleweka. Jikoni, wakati sombe likitwangwa, aelezwe kwamba Watanzania huliita kisamvu.

Kwa aliyewasili karibuni, Uganda nayo ni nchi ya kujifunza. Mjini Mbarara, bei ya mkungu wa matoke ni somo la hesabu na la shilingi, na makumbusho ya Igongo, nje kidogo ya mji, huonyesha maisha ya Wanyankole.

Ugumu huja ramani inapokamilika, mtoto anapouliza: kwa nini tuliondoka? Ajibiwe ukweli unaolingana na umri wake, bila kulilaumu kabila zima. Huko Nakivale, rafiki anayecheza naye uani huenda ni wa kabila hilohilo.