Chonga Kwanza, Rangi Baadaye

Fundi wa Kigiriama anapotengeneza kigango, ile nguzo ya kumkumbuka mzee wa chama cha Gohu, nakshi hazichori juu ya mti. Hutoa vipande. Pembetatu ndogo huchongwa moja baada ya nyingine, na kinachovuta jicho ni mti uliobaki kati yake. Wengi wanaojifunza sanaa ya jiometri kwenye kompyuta hufanya kinyume: hurundika mstari juu ya mstari mpaka picha ikose pumzi.

Chukua pembetatu hizo, lakini kigango chenyewe kiache. Ni mtu wa watu yule. Vigango vingi vya pwani ya Kenya viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyorudishwa Kilifi mwaka 2007 vilikuwa vimefika makumbusho ya Marekani. Tusiviibe tena kwa kuvigeuza pambo la fulana.

Programu ya Inkscape, tutakayoitumia hapa, ni ya bure. Picha zake ni za vekta: hazihifadhi vitone vya rangi bali vipimo vya maumbo, kwa hiyo nakshi moja hutoka safi kwenye kadi ya harusi na kwenye bango la duka mjini Malindi.

Chora mstatili wa milimita 300 kwa 40. Kwenye ukingo wa juu weka pembetatu yenye kitako cha milimita 20 na kimo cha 30, ncha ikitazama chini. Panga nakala zake zikigusana mpaka pembetatu zitimie 15. Ukingo wa chini weka 14, ncha juu, ukianzia milimita 10 ndani. Safu hizo huingiana kama meno, na katikati hubaki utepe wa kupanda na kushuka ambao hukuuchora kamwe. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo.

Nakala ziwe zimefungwa kwa pembetatu ya kwanza. Ukivuta ncha yake moja, kimo kikashuka hadi 25, zote hufuata na utepe hunenepa. Ukiridhika, zifungue, ziunganishe ziwe umbo moja, kisha ulitoe kwenye mstatili. Usizipake rangi nyeupe ukadhani umemaliza. Tundu la kweli huonyesha kitambaa unachochapia: ukichapa kwenye khaki, pembetatu zitakuwa za khaki, ukichapa kwenye buluu, za buluu.